Nilichora punda milia wa Kenya ku Lubumbashi, nikalipa mwenyewe

Mtu akikuomba umchoree punda milia kwenye ukuta, kabla ya kupanga bei muulize kwanza: punda milia gani? Mimi sikuuliza. Naandika hii juu vijana wengi wa pinso (brashi ya kuchora) hapa Lubumbashi wananiona siku hizi nikipata kazi ya wanyama nakaa siku mbili nzima nachora kwenye karatasi tu, wanacheka eti yaya (kaka mkubwa) amekuwa mvivu. Si uvivu. Niliumia, tena niliumia kwa makuta (pesa) yangu.

Niko Katuba, kazi yangu ni penturi, yaani rangi na kuchora. Miaka kumi na kitu nachora mabango ya saluni, vichwa vya wamama wamesuka, kuku wa kuchoma kwenye malewa, chupa ya bia kwenye nganda. Kwa wanyama nilikuwa najua simba na mamba, mamba zaidi juu ya Mazembe, timu yetu ya mpira, kila nganda ya mashabiki inataka mamba yake na mpira. Basi nilikuwa najiona mimi ni fundi wa wanyama.

Mwezi wa sita mmoja, ile baridi ya asubuhi inakata mikono, mama mmoja akaniita. Alikuwa anafungua masomo (shule) ya watoto wadogo upande wa Annexe, ukuta wa mbele mita kumi na nne, anataka wanyama wa Kongo: tembo, kiboko, gorila, okapi, na punda milia wawili na mtoto wao. Akaniambia, na hii naikumbuka vizuri juu baadaye ilinirudilia usiku, "Papa, wengine utachora vile unajua, lakini punda milia njo wa maana kwangu, baba yangu alifanyaka kazi ku mbuga ya Upemba." Nikaitika ndiyo mama, ndiyo mama, akili yangu iko kwenye bei.

Tukapatana dola 300, akonti (malipo ya kuanzia) 120. Na hapo kosa lingine, nilikubali akonti bila kuhesabu. Penturi peke yake, nyeupe ndoo mbili, nyeusi, ile kahawia ya okapi, kijani ya majani, pinso mbili mpya na rulo, ilikula dola 95. Kukodi eshele (ngazi ya kupandia) na taksi ya kubeba vitu ikala 25 zilizobaki. Siku ya kwanza ya kazi mfukoni hakuna kitu, na kijana anayenisaidia anasubiri chake. Ukianza shantye bila hata franga moja yako, ujue ukikosea kitu kimoja utakirekebisha na chakula cha watoto wako.

Modeli nilitafuta kwenye simu. Nikanunua mega za intaneti, nikaandika punda milia, zikaja picha mamia, nikachagua ile imenipendeza macho: mistari myembamba imebanana kama kitambaa kizuri cha wax, masikio makubwa ya mviringo, tumbo jeupe safi. Mzuri kabisa. Sikusoma hata neno moja chini ya picha. Kulikuwa na picha moja nyingine ya zamani ya mnyama mwenye mistari shingoni na kifuani tu, nyuma hana, nikafikiri picha imeharibika. Leo najua ni kwaga, alikuwa Afrika Kusini, wa mwisho alikufa mwaka 1883 kwenye zoo ya Amsterdam, ameisha duniani. Nilimpita na kidole tu.

Kuchora sasa. Mwili nikachukua ule wa farasi ninaoujua, na nywele za shingo zinaanguka upande, na mkia mrefu wa nywele kuanzia juu mpaka chini. Mistari myembamba ile, saa ya kwanza nilifanya kwa moyo, saa ya tatu mkono umechoka, nikaanza kuivuta tu wima juu-chini, juu-chini, kutoka kifuani mpaka matakoni, kama mayo (jezi) ya Mazembe. Mtoto wao nikamfanya kama wakubwa, nimempunguza tu kama fotokopi. Na okapi, hapa naona haya kabisa, nilimchukua kama mdogo wake punda milia, nikampa kwato zile zile na kichwa kile kile, nikamwachia mistari miguuni.

Siku ya nane nilikuwa nasafisha pinso na petroli, mama akafika na mzee mmoja, fimbo mkononi, koti nzito juu ya baridi. Mzee hakunisalimia kwanza. Alisimama mbele ya punda milia muda mrefu, akasogea, akarudi nyuma, akainamia tumbo la yule mkubwa. Mimi nikajua anashangaa uzuri.

"Mwana," akasema, "huyu ni farasi. Mumemuvalisha mayo."

Kijana wangu akacheka, mimi nikamkata jicho. Nikamwambia papa, hii nimeitoa kwenye picha ya kweli, nikafungua simu nikamuonyesha. Akaitazama akiiweka mbali na macho vile wazee wanafanyaka.

"Picha ni ya kweli. Lakini huyu ni wa Kenya."

Nami mjinga nikajibu, "Papa, Kenya hapa hakuna punda milia, kuna soko tu." Juu kwetu ukisema Kenya mtu anafikiria kwanza komine Kenya, sehemu ya hapa Lubumbashi. Mama akacheka mpaka akashika ukuta, bahati yake penturi ilikuwa imekauka. Mzee hakucheka. Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa noti ya franga elfu tano imekunjwa mara nne, akaikunjua kwenye goti lake, akaniwekea mbele ya macho. Punda milia pale. Akatafuta tena, akatoa ya elfu moja: okapi. "Unamulipaka nayo mukate kila siku," akasema, "na haujamuangaliaka hata siku moja."

Mzee yule alifanya kazi ya ulinzi wa mbuga Upemba, upande wa Lusinga kwenye uwanda wa juu wa Kibara. Upemba ni mbuga ya tangu mwaka 1939, na ndani ya Kongo yote njo pahali pa mwisho punda milia wa porini wamebaki. Kwa hiyo binti yake aliposema punda milia wa Kongo alikuwa anasema wale, si wengine. Na mimi nilimwekea ukutani mgeni.

Akanifundisha pale pale, fimbo yake inagonga ukuta. Punda milia wako aina tatu. Yule niliyechora anaitwa wa Grévy (jina nililikuta baadaye, la Jules Grévy, rais wa Ufaransa aliyepelekewa mmoja zawadi kutoka Uhabeshi mwaka 1882), anaishi kaskazini ya Kenya, Kenya ile ya inchi, na Ethiopia. Ni mkubwa kuliko wote, anaweza kufika kilo 450, mistari myembamba, masikio kama masufuria, tumbo jeupe bila mstari. Wa pili ni wa milimani, yuko Afrika Kusini, Namibia na Angola, yeye ana ngozi inaning'inia chini ya koo, na juu ya mkia mistari midogo imepangana kama ngazi. Wa tatu njo wetu, wa uwandani, na huyo njo yule watu wengi wa Afrika ya mashariki na kusini wanamjua. Mistari yake ni mipana, michache, na inashuka inazunguka mpaka chini ya tumbo. Masikio mafupi. "Kama haujui wapi utaangalia," mzee akasema, "angalia tumbo. Tumbo halidanganyi." Mpaka leo ninapofungua picha yoyote macho yangu yanakwenda tumboni kabla ya kichwa.

Okapi hakumsamehe. "Huyu si ndugu yake na punda milia, huyu ni ndugu ya twiga. Angalia kwato." Punda milia anatembea juu ya ukwato mmoja kama farasi na punda. Okapi ukwato wake umepasuka mbili kama wa mbuzi, na dume ana vipembe viwili vifupi vyenye ngozi. Mistari iko miguuni na matakoni tu, mwili wote kahawia. Baadaye niliposoma nikapata kidogo cha kujifariji: hata wataalamu wa London walianguka kwenye shimo hilo hilo. Mwingereza Harry Johnston aliwatumia vipande vya ngozi kutoka misitu yetu, na mwaka 1901 mtaalamu wa wanyama Sclater akakiandika kinyama kile Equus johnstoni, yaani jamaa ya farasi na punda milia. Ilibidi wapate fuvu njo wakajua. Ila wao hakuna mtu aliyewakatalia dola 180.

Juu mama alikataa. Kwa upole, lakini alikataa. "Papa, nitakulipa bakio siku baba yangu atasema huyu ni punda milia." Nilirudi Katuba na hasira, nikakaa siku tatu sifanyi kitu, nikawa nasema wamama wa siku hizi, nani ataona tofauti, watoto wa miaka minne wataona mistari wataita punda milia basi. Katika siku hizo tatu saluni moja ikanitafuta kwa kazi ya dola 70, simu yangu ilikuwa imezimika, moto (umeme) haikuwepo kwenye mtaa tangu juzi, wakamchukua mwingine. Bibi yangu, mke wangu, njo alinimaliza. Akaniuliza, "Kama mtu angekuchora sura yako na pua ya jirani, ungelipa?"

Nikatafuta njia ya kumuona mnyama mwenyewe. Rafiki yangu dereva anapelekaka majani makavu kwenye shamba la mtu binafsi, barabara ya Kasumbalesa, mwenye shamba amenunua punda milia Zambia. Mlinzi nilimpa dola kumi, taksi na pikipiki kwenda na kurudi kumi na mbili. Nilifika saa kumi na mbili asubuhi, nikakaa mpaka saa sita kamili, daftari kwenye magoti, na nawaambia ndugu zangu wa pinso, picha elfu kwenye simu hazifiki zile saa sita.

Kwanza niliwasikia kabla ya kuwaona. Hawalii kama farasi hata kidogo. Ni kama mbwa anayebweka na kuvuta pumzi pamoja, kwa-ha, kwa-ha. Halafu wakatoka, jike na dume na wengine wanne, na nikaona hakuna mweupe. Wewe unajua vumbi letu, lile jekundu la mwezi wa sita linaloingia mpaka kwenye chumvi. Wamejigalagaza ndani yake, ule weupe wote ni rangi ya chai ya maziwa. Na mimi nilikuwa nimewapaka nyeupe ya moja kwa moja kutoka ndoo, ndiyo maana walikuwa wanang'aa kama sahani.

Nywele za shingo zinasimama wima, fupi, ngumu kama brosi ya viatu, na mistari ya shingo haiishii shingoni, inapanda inaendelea ndani ya zile nywele, kila mstari na mwenzake. Mkia ni kama wa punda, fimbo yenye mistari midogo na nywele mwishoni tu. Mdomo na pua nyeusi. Mlinzi akaniambia nimuangalie yule dume pale alipojikwaruza begani manyoya yametoka: ngozi ya ndani ni nyeusi, hata chini ya pahali peupe. Yaani ni mnyama mweusi mwenye manyoya meupe. Hiyo ilinigeuza kazi yote, maana mimi nilikuwa napaka nyeupe halafu naongeza mistari myeusi juu, na ndiyo sababu ilionekana imebandikwa.

Lakini kitu kilichonipa shida na raha pamoja ni bega. Mistari ya mwili inashuka wima, ya mguu wa mbele imelala. Sasa inakutana wapi? Nilichora mara tano nikafuta. Pale begani mstari mmoja unashuka halafu unapasuka, mguu mmoja mbele, mguu mmoja nyuma, kama herufi Y imegeuzwa kichwa chini, na katikati ya ile panda inaanza mistari ya mguu, mmoja chini ya mwingine, kama paa la nyumba juu ya paa la nyumba. Na nyuma hivyo hivyo kuna kitu kinafanyika: mistari ya mbavu haiendi wima mpaka matakoni kama nilivyofanya mimi, inapofika kiunoni inaanza kulala, inakuwa mipana, inapinda kuelekea mkiani mpaka kwenye paja iko karibu imelala kabisa. Bega na paja. Ukikosea hapo mbili hata upake rangi ya bei gani mtu ataona farasi na mayo.

Na hakuna wawili waliofanana. Mlinzi anawajua wote sita kwa mistari, hata kwa mbali, yule mwenye panda mbili begani, yule mwenye kitu kama jicho pajani. Hata upande wa kushoto wa mmoja haufanani na wa kuume wake mwenyewe. Kwa hiyo ile tabia yetu ya kukata patroni ya karatasi na kuigeuza upande wa pili, isahau.

Kulikuwa na mtoto. Mistari yake kahawia, si nyeusi, manyoya kama ya blanketi, na miguu mirefu hivi kwamba magoti yake yalikuwa karibu sawa na ya mama yake, mwili kidogo juu ya miguu mikubwa. Fotokopi yangu ilikufa pale.

Saa nne hivi jua likaanza kuuma, inzi zikaja, nikawaona jike na dume wamesimama mmoja kichwa huku mmoja kichwa kule, kila mmoja ameweka kidevu mgongoni kwa mwenzake, mikia inafukuza inzi kwenye uso wa mwingine. Nikasema hii njo picha yangu. Kuhusu inzi nilisoma baadaye kitu ambacho fundi wa penturi lazima akijue: Japani, mwaka 2019, watafiti walichukua ng'ombe weusi wakawapaka mistari myeupe, inzi wanaouma wakapungua karibu nusu. Waliopakwa mistari myeusi haikuwasaidia kitu. Mistari inamchanganya inzi anapotaka kutua. Nikamwambia bibi yangu kuna watu wanalipwa kupaka ng'ombe, akasema nenda Japani basi.

Nikarudi, siku mbili za karatasi, nikampelekea mzee michoro kwanza kabla ya kugusa ukuta, na nikamuomba mama aweke sahihi chini. Hiyo sasa nafanya kwa kila kliyan, hata wa kuku wa kuchoma. Ukutani nilifuta nusu ya kazi, nikapaka miili yote nyeusi ya kijivu-kijivu, halafu nikaingiza nyeupe niliyoichanganya na okra (rangi ya njano ya udongo) kidogo na tone la nyekundu, nikaanza na begani na pajani kabla ya pahali pengine popote, mbavu mwisho. Tumbo nililipigia magoti. Okapi nikampasua kwato. Penturi ya kurudilia ilinikula dola 64 za mkopo wa shemeji. Ukitaka hesabu yote: kwenye zile 180 nilizobakiza toa 64, toa shamba na usafiri 22, toa 40 za kijana, mimi nilibaki na dola 54 kwa siku kumi na tisa. Mwanafunzi wa fundi matofali anapata kuzidi.

Siku mzee aliporudi nilijificha nyuma ya eshele kama mtoto. Akasimama vile vile, fimbo, koti, kimya. Akainamia tumbo. Akapitisha kidole kwenye Y ya bega la jike bila kugusa. Halafu akaniita, "Mwana, kuja." Akaniuliza kama penturi nyeusi imebaki. Nikasema imebaki kidogo.

"Kule Lusinga kulikuwa jike moja," akasema, "sikio ya kushoto ilipasukaka, sijui ni simba, sijui ni kamba ya bawindaji. Alikuwaka anatupita karibu kila asubuhi na mutoto wake."

Nikachukua pinso ndogo, nikapanda eshele. Yeye alikuwa ananiongoza kutoka chini, hapana, chini kidogo, zaidi ndani, hapo, mpaka akasema basi.